Ziara ya mgodi wa zamani wa shaba, Macalder: uzoefu wangu

Nafundisha Kemia katika shule ya upili hapa Kisumu. Kila mwaka kidato cha nne kikifika kwenye mada ya metali, huandika ubaoni jina la mawe yenye shaba, kalkopairaiti, na wanafunzi hulinakili kama wanavyonakili majina ya sayari. Hakuna anayekuwa amelishika jiwe lenyewe. Hata mimi sikuwa nimelishika, mpaka Jumamosi moja ya Agosti nilipolipia ziara ya siku moja kwenda Macalder, kaunti ya Migori. Naandika kwa ajili ya walimu na wazazi wanaofikiria safari hiyo.

Tulikuwa wanane: mimi, mwalimu mwenzangu na wanafunzi sita. Bei ilikuwa shilingi 3,500 kwa mtu mzima na 2,000 kwa mwanafunzi, pamoja na gari na kiongozi, chakula juu yako. Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, tukapita Ahero, Sondu, Oyugis, Kisii, Rongo na Awendo. Kutoka mji wa Migori tukashika njia ya Masara kuelekea Nyatike, eneo ulipo mgodi. Ni mbali. Beba maji mengi, maana Nyatike jua halina huruma.

Nianze na lililoniudhi. Wakala aliyetuuzia ziara alituahidi kwamba tungeshuka chini ya ardhi hadi walikochimba wazee. Watoto hawakulala usiku ule kwa hamu. Tulipofika, kiongozi, kijana wa pale pale, akatuambia waziwazi kwamba haingii mtu. Mwanzoni nilikasirika, lakini alipoeleza nilimshukuru. Mgodi wa chini huishi kwa pampu. Siku pampu zikizimwa, maji yanaanza kupanda. Magogo yaliyoshikilia paa yanaoza. Hatari kubwa zaidi haionekani: mawe yenye salfa yakikutana na unyevu hula oksijeni iliyomo hewani, hivyo mtu anaweza kushuka akiwa mzima kabisa na kuanguka kabla hajaona dalili yoyote. Ahadi ya wakala haikupaswa kutolewa kamwe, hasa kwa watoto wa watu. Ukiambiwa hivyo, kataa.

Baada ya hapo siku ikawa nzuri kuliko nilivyotarajia.

Kiongozi alikuwa amemwalika mzee mmoja ambaye baba yake alifanya kazi mgodini. Tulimsalimia, akatukaribisha kivulini, na tangu hapo akaniita japuonj, yaani mwalimu kwa Kijaluo. Akamkabidhi mwanafunzi wangu jiwe jekundu, jepesi, lenye matundu kama mkate uliolala.

"Japuonj, hili ni nini?"

"Kutu, mzee. Chuma kilichooza."

"Ndiyo. Hiyo ndiyo kofia. Ukiona kofia, uliza kichwa kiko wapi."

Sijawahi kusikia jambo hili likielezwa vizuri hivyo. Mwamba wenye pairaiti, yaani madini ya chuma na salfa, ukikaa juani na mvuani, salfa huoshwa, shaba huyeyuka na kuzama, chuma hubaki juu kama kutu. Dhahabu haiozi, kwa hiyo hubaki ndani ya kutu hiyo. Ndiyo maana hapa watu walianza na dhahabu, miaka ya 1930, wakati ambapo Nyanza nzima ilikuwa imewaka moto wa kutafuta dhahabu baada ya ugunduzi wa Kakamega wa 1931. Kofia ilipochimbwa wakakuta kichwa: mwamba mzito wa salfa wenye shaba, zinki, fedha na dhahabu kidogo. Shaba iliendelea kuchimbwa hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1966. Mzee anakumbuka nguo za baba yake zikinuka kiberiti hata baada ya kufuliwa.

Mwanafunzi mmoja akauliza shaba ilifikaje Nyatike. Kiongozi akaonyesha vilima kwa mkono, akasema vyote hivyo vilikuwa sakafu ya bahari. Miamba hii ni ya kale sana, zaidi ya miaka bilioni 2.5. Maji ya moto yalitoka kwenye nyufa chini ya bahari yakiwa yamebeba metali, yakakutana na maji baridi, metali zikaganda palepale pamoja na salfa. Watoto walinyamaza. Nimefundisha miaka kumi na mmoja na ukimya wa aina ile nimeupata mara chache.

Kisha yakaja majaribio. Kiongozi alitoa kisu, sindano na kipande cha kigae kilichovunjika. Pairaiti, ile dhahabu ya wajinga, ina manjano hafifu na kisu hakiichubui. Kalkopairaiti ina manjano yaliyokolea, kisu kinaichubua, na ikikaa hewani inapata rangi za zambarau na buluu kama mafuta juu ya dimbwi. Ukizisugua mgongoni mwa kigae, zote mbili zinaacha mstari mweusi wenye ukijani. Dhahabu ya kweli huacha mstari wa manjano, na sindano huitoboa bila kuivunja. Hatimaye niliishika kalkopairaiti. Ni nzito kuliko unavyodhani. Theluthi moja hivi ya uzito wake ni shaba, iliyobaki ni chuma na salfa. Nikawaonyesha watoto kwa nini basi mawe hayo husagwa na kuchanganywa na maji na mafuta, kisha hewa hupulizwa: chembe zenye salfa hupanda na povu, mchanga huzama. Povu lile tulilolichora daftarini lilipata maana mbele ya jiwe.

Sehemu iliyopitwa haraka mno ni ya wachimbaji wa leo. Njiani tuliwaona akina mama wakiosha mchanga kwenye karai, na mashine za kusaga mawe zikinguruma. Kiongozi alitutoa haraka upande ambao moshi ulikuwa unakuja, kwa sababu dhahabu hunaswa kwa zebaki na zebaki ikichomwa hugeuka mvuke unaoharibu neva na kumdhuru mtoto aliye tumboni. Alifanya vyema kuwalinda watoto. Lakini nilitaka dakika thelathini za kuzungumza na wale mama, wakiwa tayari, mahali salama. Wao ndio wenye mgodi uliobaki, na kuwapita kama mandhari ya dirishani kuliniuma. Sheria ya Madini ya 2016 inasema asilimia 10 ya mrabaha, yaani malipo ambayo mwenye mgodi huilipa serikali kwa madini anayochimba, iende kwa jamii inayoishi kwenye madini. Wanafunzi wangu wangefaidika kuwauliza wenyewe wanaionaje.

Kiongozi hakuruhusu mtu kujaza mawe mfukoni. Mzee alinipa kipande kimoja tu, chenye ukoko wa kijani. "Ya darasani, nyara," yaani binti yangu. "Si ya kuuza."

Jumatatu niliukwangua ukoko ule, ambao ni madini ya shaba yaitwayo malakaiti, nikautia kwenye asidi ya salfa iliyozimuliwa. Ulitoa mapovu na maji yakawa ya buluu. Nikatumbukiza msumari wa chuma. Baada ya dakika chache ulikuwa umevaa koti jekundu la shaba ya Nyatike, na darasa zima lilisimama kwenye viti kuuona.

Natoa nyota nne kati ya tano. Ya tano imezuiwa na ahadi ile ya wakala. Mkienda, ombeni mapema mzee awepo, mvae viatu vilivyofunga vidole, na msiende wakati wa masika. Sisi tunarudi muhula wa kwanza, na safari hii nimeshapanga na kiongozi mwenyewe kwamba tutakaa na wale mama.