Gemu za kompyuta: lipia duka lipi, na lini usubiri

Mwishoni mwa Januari 2019, watu waliokuwa wakihesabu siku kuipata Metro Exodus waliamka wakakuta mambo yamegeuka. Gemu ilikuwa itoke Februari 15, na kwa miezi kadhaa ilikuwa ikipokelewa oda kwenye Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta mtandaoni. Ghafla mchapishaji wake, Deep Silver, akatangaza kwamba itauzwa kwenye duka pinzani, Epic Games Store, kwa mwaka mzima, Steam hapana. Waliokwisha kulipa Steam walipewa gemu yao hukohuko. Waliokuwa bado wanadunduliza wakaambiwa waende duka jingine. Valve, wenye Steam, walibandika maneno kwenye ukurasa wa gemu ile wakisema uamuzi huo si wa haki kwa wateja wao. Februari 2020 ikarudi Steam kama ilivyopangwa.

Kisa hicho hunijia kila mtu anaponiuliza anunue gemu wapi. Wengi huanza na bei. Mimi huanza na jambo jingine: maduka haya yakigombana, na mchapishaji akaamua kuondoa mali yake dukani, wewe uliyetoa hela unabaki na nini mkononi? Nimeyapanga maduka kwa kigezo hicho, si kwa wingi wa ofa.

Ugomvi wenyewe ni wa asilimia. Steam ilifunguliwa Septemba 2003, na mwaka uliofuata gemu ya Valve, Half-Life 2, ikawalazimisha wachezaji kuwa na akaunti ya Steam, watake wasitake. Kwa miaka mingi Valve walikata asilimia 30 ya kila mauzo. Mwishoni mwa Novemba 2018 wakawapunguzia wakubwa: asilimia 25 gemu ikishaingiza dola milioni 10, na asilimia 20 ikivuka milioni 50. Desemba 6, Epic wakafungua duka lao wakikata asilimia 12 tu. Mwaka uliofuata bosi wao, Tim Sweeney, alisema hadharani kwamba Steam ikikubali kuwaachia watengenezaji asilimia 88, bila masharti, Epic itaacha kuzifungia gemu kwenye duka lake peke yake. Steam haikukubali. Sioni kosa kwa mtengenezaji kudai fungu kubwa zaidi la jasho lake. Ninachokipinga ni kumwambia mnunuzi "njoo hapa", kisha kumfungia mlango siku 18 kabla ya gemu kutoka.

Nafasi ya 1: GOG

Hapa ndipo ninapotafuta kwanza, kila mara. GOG ilianzishwa Poland mwaka 2008 na CD Projekt, haohao wa The Witcher, na gemu zake hazina kufuli. Ukishanunua unapakua faili la kusakinisha, unaliweka unapotaka, na siku ya kulitumia hakuna programu inayopiga hodi kwenye seva kuuliza wewe ni nani.

Nina diski ya nje ya terabaiti 1 ambayo humo ndani kuna folda moja ya The Witcher 3. Ukiifungua unaona faili dogo la kuanzishia na nyuma yake msururu wa mafaili makubwa ya gigabaiti nne nne. Nililipakua mara moja, usiku, kwa bando la usiku. Laptopu yangu ya zamani ilipokufa nilichomeka diski kwenye mpya, nikabonyeza faili lile dogo, nikaenda kupika. Niliporudi gemu ilikuwa tayari, na sikutumia hata megabaiti moja. Kwa mtu anayenunua intaneti kwa bando, hilo ni sawa na kuinunua gemu mara moja badala ya mara tatu.

Hela wanarudisha ndani ya siku 30, hata kama umeshapakua na kucheza. Hakuna duka kubwa jingine ninalolijua linalofika hapo.

Kasoro ni moja, na inauma: gemu mpya kubwa ni chache. Wachapishaji wakubwa wanaogopa kwamba faili lisilo na kufuli litanakiliwa, basi wanaleta za zamani na kuinyima GOG za mwaka huu. GOG hunyimwa mara nyingi zaidi, ingawa hakuna anayepiga kelele kama Steam inaponyimwa. Kwa hiyo tafuta GOG kwanza; usipoikuta, shuka hatua moja.

Nafasi ya 2: Steam

Naiweka ya pili kwa sababu historia inaonyesha kwamba walioondoka wamerudi.

Electronic Arts (EA) walifungua duka lao, Origin, mwaka 2011, na Crysis 2 ikatoweka Steam mwaka huohuo. Battlefield 3 iliyotoka Oktoba 2011 haikuuzwa Steam hata siku moja, mpaka 2020. Activision waliipeleka Call of Duty: Black Ops 4 kwenye duka lao, Battle.net, peke yake mwaka 2018. Oktoba 2022 Call of Duty nyingine, Modern Warfare II, ikatoka Steam. Bethesda waliiweka Fallout 76 kwenye duka lao Novemba 2018, ikaingia Steam Aprili 2020, na Mei 2022 duka lao wakalifunga kabisa, wateja wakahamishiwa gemu zao Steam. Ubisoft waliiuza Assassin's Creed Valhalla nje ya Steam tangu Novemba 2020, ikaja Desemba 2022.

Tazama muda: mwaka mmoja na nusu, miaka miwili, minne, na kwa Battlefield 3 karibu tisa. Siwezi kukuambia kila gemu itarudi upesi. Lakini ya hadithi, unayocheza peke yako, haichachi. Ikija baada ya mwaka imeshatengenezwa makosa yake ya mwanzo, na mara nyingi ina punguzo kwenye ofa za Juni au Desemba. Ya kucheza na wenzio ni kesi nyingine, kwa sababu baada ya miaka miwili wenzio wanaweza kuwa wameshahama.

Steam hurudisha hela ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya saa mbili. Itumie haki hiyo. Dakika 20 za kwanza zinatosha kuona kama laptopu yako inaimudu gemu au inapumua kama mgonjwa. Kuna pia kundi la familia, watu hadi sita, mnaochangia maktaba. Kwa nyumba yenye ndugu watatu wanaopenda gemu, hiyo peke yake inaipa Steam uzito.

Sasa ubaya wake. Ulichonunua ni leseni. Tangu mwishoni mwa 2024, sheria ya California ikiwa inakaribia kuanza kazi, Steam wenyewe wanakuandikia hivyo kabla hujalipa. Na leseni inaweza kubanwa na mchapishaji, Steam ikiwa imekaa kimya pembeni. Mei 2024 Sony walitaka kila mchezaji wa Helldivers 2 kwenye Steam aunganishe akaunti ya PlayStation Network. Mtandao huo rasmi haupo Kenya, Tanzania, Uganda wala sehemu kubwa ya Afrika. Watu walikuwa wamenunua Februari, wanacheza vizuri, wakaambiwa wawe na akaunti ambayo nchi yao hairuhusiwi kufungua. Wachezaji duniani kote walipiga kelele kwa siku tatu, na Sony wakaliondoa sharti. Lakini kwa wakati huo gemu ilikuwa imeshaondolewa sokoni kwenye nchi zipatazo 177, na katikati ya mwezi huohuo gemu nyingine ya Sony, Ghost of Tsushima, ikatoka bila kuuzwa kwenye nchi hizohizo. Sisi hatukuwa upande wowote wa ugomvi ule, na bado mlango uliofungwa ulikuwa wetu.

Kwa hiyo kabla ya kulipa Steam, soma pembeni mwa ukurasa wa gemu, pale panapotajwa akaunti ya kampuni nyingine na aina ya kufuli. Ni mistari miwili mitatu, wengi wanairuka.

Nafasi ya 3: Epic Games Store

Fungua akaunti leo, uchukue za bure. Kila wiki wanatoa; walianza Desemba 2018 na Subnautica. Nyaraka zilizotolewa mahakamani kwenye kesi yao na Apple zilionyesha kuwa Subnautica iliwagharimu dola milioni 1.4. Mei 2020 walitoa GTA V bure, na watu walivyofurika duka likaanguka kwa saa kadhaa. Hizo ni hela zao za kukuvuta, na ukishachukua gemu inabaki kwenye akaunti yako. Chukua bila aibu.

Kulipa, hapo nasita. Duka lilikaa miaka mitatu bila kikapu, ukinunua gemu nne unalipa mara nne. Kikapu kilikuja Desemba 2021. Na gemu nyingi zilizofungwa huko zilikuwa za muda: Borderlands 3 ilikaa miezi sita tu, kuanzia Septemba 2019 hadi Machi 2020. Ukisikia "inapatikana Epic pekee", tafuta kwanza kama ni ya muda au ya kudumu.

Ya kudumu zipo. Alan Wake 2 ya 2023 imegharimiwa na Epic wenyewe, na hiyo siihesabu kuwa imeporwa Steam. Bila hela ile huenda isingetengenezwa. Ukiitaka, lipa Epic kwa moyo mweupe.

Nafasi ya 4: maduka ya wachapishaji wenyewe

EA app, Ubisoft Connect, Battle.net. Nenda pale unapokitaka kitu kisichouzwa kwingine, kama World of Warcraft. Vinginevyo hakuna unachoongeza isipokuwa neno la siri jingine la kusahau. Na ujue kwamba gemu nyingi za Ubisoft na EA, hata ukizinunua Steam, bado zitafungua programu ya mchapishaji kabla hujaanza kucheza.

Hofu yangu kubwa hapa ni The Crew ya Ubisoft. Ilitoka 2014, seva zikazimwa Machi 31, 2024, na kwa kuwa haikuweza kuchezwa bila seva, waliolipa hawana kitu. Hata leseni zilianza kuondolewa kwenye akaunti zao.

Usinunue kabisa: funguo za bei ya kutupa

Kuna tovuti zinazouza funguo za Steam, yaani namba za kuingizia gemu kwenye akaunti yako, kwa nusu ya bei au chini yake. Niliwahi kununua moja. Nikaubandika ufunguo, nikajibiwa kwamba hautumiki katika eneo langu. Muuzaji hakujibu barua hata moja, na Steam hairudishi hela ambayo haikuipokea. Baadhi ya funguo hizo hununuliwa kwa kadi za wizi, na mchapishaji akigundua anazifuta hata baada ya wewe kuanza kucheza.

Kulipa

Steam hutuchaji kwa dola Afrika Mashariki, kwa hiyo bei ya gemu itapanda na kushuka na shilingi yako. Kadi pepe inatosha. Kenya kuna M-Pesa GlobalPay ya Safaricom na Visa tangu 2022, na Tanzania mitandao ya simu nayo ina kadi zake. Weka hela kidogo zaidi ya bei, kwa sababu kiwango cha kubadilishia dola ukionacho kwenye habari sicho utakachokatwa. Omba tarakimu za usalama ukiwa umeshafika ukurasa wa malipo, maana hazidumu.

Usibadilishe nchi ya akaunti kwa VPN kufuata bei ya chini ya kwingine. Steam inakataza, na akaunti ikifungiwa unapoteza gemu zote, si ile moja. Na ukiomba kurudishiwa, chagua zirudi kwenye pochi ya Steam kama kadi pepe uliyolipia umeshaifuta. Zitakuwepo hapo siku ile gemu uliyonyimwa itakaporudi.