Yamaha RX-397 na Wharfedale Diamond 9.1 kwenye sebule ya Tabora: uzoefu wangu

Wati ndizo zinazouza redio mjini, na wati ndizo zinazodanganya kuliko kitu kingine. Ingia duka lolote la vifaa vya umeme hapa Tabora uulizie muziki wa kuweka sebuleni. Utaletewa sabufa yenye taa zinazowakawaka na boksi lililoandikwa wati elfu tano za PMPO. Geuza nyuma usome kile kibandiko kidogo: mara nyingi kinasema inakula wati 50 au 60 za umeme. Sasa kitu kinachokula 60 kitatoaje elfu tano? PMPO ni hesabu za kuuzia boksi. Za kuulizia ni wati za RMS, zile ambazo mashine inazitoa mfululizo bila sauti kuharibika.

Sina ugomvi na sabufa. Kwenye ubarikio au mechi ya watani inafanya kazi yake vizuri. Mimi nilitaka muziki wa kukaa chini na kuusikiliza: spika mbili, risiva moja (redio na amplifaya ndani ya boksi moja), kiti kimoja mahali pake.

Nilichochukua ni risiva ya Yamaha RX-397 na spika za Wharfedale Diamond 9.1, vyote mtumba wa Ulaya. Risiva ni ya chaneli mbili, wati 50 kila upande kwa spika za ohm 8 (ohm ni kipimo cha spika inavyouzuia umeme; zikiwa chache, umeme mwingi unapita), ina FM na AM na tundu la kuchomekea mashine ya santuri. Haina HDMI, haina bluutuu. Spika ni ndogo, kimo kama sentimita 30, kila moja na wufa (ya besi) ya inchi tano na twita (ya sauti nyembamba) juu yake, ohm 6, unyeti wa desibeli 86. Risiva laki mbili na nusu, spika laki tatu na ishirini. Shemeji yangu ndiye aliyeikagua risiva Kariakoo akaituma kwa basi, imefungwa ndani ya kigodoro cha mtoto. Spika nilizipata hapahapa mjini.

Wengi watashangaa spika kuzidi risiva bei, lakini nilikusudia hivyo. Chukua risiva mbili nzima zenye wati zinazokaribiana, zifiche nyuma ya pazia, ubadilishe moja kwa nyingine. Watu wengi hawatajua ipi ni ipi. Badilisha spika, hata aliyeko jikoni atauliza umefanya nini. Kwa hiyo nilizisikiliza spika kwanza, nikachagua, ndipo nikatafuta mashine ya kuzisukuma.

Na hiyo desibeli 86 ina maana kubwa kuliko wati. Ina maana kwamba ukiipa spika wati moja ukasimama mita moja mbele yake, utapata ukubwa huo wa sauti. Kila ukitaka desibeli 3 zaidi, wati lazima ziwe mara mbili. Spika ya desibeli 89 itafanya kwa wati 25 kile ambacho zangu zinafanya kwa 50. Na wewe uliyenunua risiva ya wati 100 umenizidi desibeli 3 tu mimi mwenye 50; tofauti ipo, ila hairushi bati. Sebule yangu ni mita nne kwa tano. Jioni ya kawaida nadhani hatuvuki wati mbili tatu. Zilizobaki ni akiba ya pale ngoma inapopigwa ghafla, na akiba hiyo muhimu, kwa sababu mashine ndogo ikikamuliwa mpaka mwisho huanza kukata vilele vya sauti, na twita ndizo zinazoungua kwanza.

Karibu nichukue kitu kingine kabisa. Kwenye duka moja la mtumba kulikuwa na risiva ya kupendeza, uso wa fedha, nobu za chuma zinazozunguka kwa uzito ule wa vitu vya zamani. Kijana wa dukani akaniambia, "Mwalimu, hii ni ya Japani yenyewe, siyo hizi za Ulaya." Alisema kweli, na tatizo lilikuwa hapo hapo. Kibao cha nyuma kiliandikwa 100V. Umeme wetu ni volti 230. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani utasikia harufu kabla ya muziki. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo wa kutosha, na hiyo ni gharama nyingine na mzigo mwingine nyuma ya kabati. Halafu FM: wenye magari ya Japani wanalijua hili, redio za kule zilitengenezwa kuanzia 76 mpaka 90, wakati stesheni zetu zinapanda hadi 108. Nilimwachia. Zile za Marekani nazo ni 120V, kwa hiyo soma kibao kabla hujasoma bei.

Spika nilizikagua kwa mzee mmoja fundi redio wa Ng'ambo ambaye huleta jozi chache kutoka Dar na kuziuza baada ya kuzipima. Alikuwa nazo nne mezani, mbili kati yake kubwa na za kutamanisha. Akachukua moja ya zile kubwa, akaigusa kwa kidole pembeni ya koni, ile sehemu inayotikisika, pale panapoungana na fremu. Sponji ikamomonyoka kama keki ya juzi.

"Shikamoo yako nimeipokea, Mwalimu, ila hii sikuuzii," akasema. "Watu wanakagua koni. Koni haifi haraka, kinachokufa ni huu ukingo."

Sponji za ukingo huoza zenyewe kwa miaka, hata spika ikiwa imekaa kabatini. Zinabadilishika, ila fundi awe anajua kuiweka koni katikati sawasawa. Ukingo wa mpira unadumu zaidi, na Diamond 9.1 zina mpira. Kisha akabonyeza koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, kusiwe na upande unaozidi, sikio likiwa karibu. Ikikwaruza, koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, imeungua au imepinda. Hazikukwaruza. Mwisho akatoa betri ya saa ya ukutani, ile ya volti 1.5, akagusisha waya mbili: tu! Koni ikaruka mbele. Akafanya na ya pili: mbele vilevile. Chanya ya betri ikiwa kwenye nyekundu na koni ikarudi nyuma, ujue kuna mtu alishaifungua akageuza waya ndani. Spika moja ikisukuma wakati mwenzake anavuta, besi inapotea na mwimbaji hajulikani amesimama wapi. Nimeenda nyumba za watu wenye mashine za mamilioni nikakuta tatizo ni hilo tu, nyekundu imeingia kwenye nyeusi.

Sasa chumba. Nyumba zetu ni saruji chini, plasta ukutani, vioo vya dirisha na bati juu ya silingibodi. Piga kofi moja sebuleni usikilize: ukisikia mlio mkali unaorudi kwa harakaharaka, hicho ndicho kitakachotokea kwa kila herufi ya mwimbaji. Zulia kati ya spika na kiti, pazia zito dirishani, makochi ya kitambaa badala ya ngozi bandia, na tatizo linapungua kwa kiasi cha kushangaza. Sikununua kitu kipya isipokuwa zulia.

Stendi ndizo zilizonipa raha. Fundi seremala wa Isevya alikuwa na vipande vya mninga vilivyobaki kwenye oda ya vitanda. Nikampa vipimo: kimo sentimita 62, msingi mpana, nguzo yenye uwazi ndani. Ule uwazi tukaujaza mchanga mkavu uliochekechwa, na kati ya stendi na spika nikaweka vipande vinne vinne vya ndala kuukuu. Elfu sabini kwa jozi, na mninga ukipigwa vanishi unazipendezesha spika zenyewe. Zimesimama mita mbili moja kutoka nyingine, zimenielekea kidogo, na ziko sentimita 40 kutoka ukutani. Hapo palikuwa na kesi. Mama watoto aliuliza kama spika zimegombana na ukuta. Nikamwomba akae kwenye kiti, nikazisogeza mpaka ukutani, nikazirudisha. Kwa ukutani besi inavimba na kuguna, na sauti ya mtu inakuwa kama anaimbia ndani ya pipa. Hakusema nimeshinda, ila zimebaki pale.

Nazipimia nyimbo gani? Zilipendwa. Hii itawashangaza wanaodhani stereo ni gita kushoto na ngoma kulia. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein aliombea hataza mfumo wa stereo mwaka 1931, lakini rekodi nyingi za bendi zetu zilizofanywa Radio Tanzania Dar es Salaam ni mono, yaani sauti ileile moja inatoka kwenye spika zote mbili. Ndiyo maana zinafaa. Ukiupiga wimbo wa mono kwenye spika mbili zinazofanana, zilizowekwa sawa, ukakaa katikati, mwimbaji lazima asimame katikati kabisa, hewani, mahali pasipo na spika. Akiegemea upande mmoja kuna kitu hakiko sawa: umbali, nyaya, balansi, au kochi lililoziba spika moja.

Niliweka Tabora Jazz kwanza, kwa heshima ya mji, kisha Nyanyembe Jazz. Kwenye sabufa ya jirani gita la ridhimu humezwa na besi. Unajua lipo kwa sababu miguu inacheza, lakini hulisikii. Hapa linasikika likichapa kwa chini ya solo, kila mchapo na mwisho wake. Manyanga yana punje. Waitikiaji wanaonekana wako nyuma ya mwimbaji kiongozi, ingawa wote wanatoka sehemu ileile moja, kwa sababu walisimama mbali na maikrofoni na umbali huo umo kwenye rekodi. Baba mkwe wangu, aliyecheza dansi enzi hizo, alinyamaza mpaka saksafoni zilipoingia, kisha akauliza, "Hii siku zote ilikuwa humu?"

Rekodi za Kongo za miaka ya 80 ambazo ni stereo kweli zinafungua zaidi. Sebene likianza, solo na mi-solo (gita la kati) vinajibizana kutoka pande mbili na huhitaji kuongeza sauti ili uchangamke.

Nobu moja ya RX-397 naipenda kupita zote, ile ya loudness. Sikio la binadamu kwa sauti ya chini huisikia besi vibaya. Fletcher na Munson, watafiti wa maabara za Bell za Marekani, walilipima jambo hili mwaka 1933. Risiva nyingi zina kitufe cha kuwasha au kuzima tu. Hii inazunguka taratibu, unarudishia besi na trebo (sauti nyembamba) kadiri unavyopunguza sauti. Saa nne usiku watoto wamelala, nasikiliza kwa sauti ya mazungumzo na muziki umekamilika.

Nyaya: usitapeliwe. Nimetumia waya laini wa shaba wenye nyuzi nyingi, wa milimita za mraba 1.5, kutoka duka la vifaa vya ujenzi, urefu sawa pande zote mbili. Simu inaingia kwa waya wa oksi wenye pini mbili za RCA upande wa pili. Ukisikia ngurumo ya chini wakati simu iko chaji, chomoa chaja kwanza kabla hujamwita fundi. Na zile nyimbo zilizozunguka magrupu ya WhatsApp mpaka zikachoka, spika hizi hazitazisamehe: manyanga yanageuka kuwa mluzi wa maji. Tafuta nakala nzuri, au CD.

Usiweke kitambaa cha kufuma juu ya risiva. Najua inapendeza. Matundu yale ya juu ndiyo pua yake, na inapata joto hata ikicheza kwa chini. Iachie nafasi ya kiganja kwenda juu. Vumbi la kiangazi nalo huingia kwenye nobu, kwa hiyo ukikagua mtumba wowote zungusha nobu ya sauti polepole kutoka mwanzo hadi mwisho ukisikiliza mikwaruzo. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo dawa yake ni kifaa cha kulinda friji, kile kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme. Risiva nimeichomeka humo, na hakuna kitu kingine kinachotumia kifaa hicho.

Kinachokosekana ni besi ya chini kabisa. Wufa ya inchi tano haiwezi kukupa ule mtikisiko wa amapiano au singeli unaousikia kifuani. Anayetaka hivyo atafute spika za kusimama chini zenye wufa ya inchi nane, na chumba kikubwa zaidi ya changu. Pia asiunge spika za barazani kwenye matundu yaleyale: mbili za ohm 6 zikiungwa sambamba zinakuwa ohm 3, na risiva itachemka.

Kwa mwenye sebule kama yangu na laki sita na nusu hivi mkononi, ningechukua tena zilezile. Ukienda kwa seremala usimpe kimo cha meza ya TV. Kaa kwenye kiti chako, mtu akupime kutoka sakafuni hadi sikioni, utoe kimo cha kutoka kitako cha spika hadi kwenye twita. Namba inayobaki ndiyo ya stendi.