Love Me Tonight (1932): fundi cherehani, binti wa kifalme na wimbo usiotulia

Kama unadhani filamu za muziki za mwanzo wa sauti ni watu kusimama wima na kuimba, anza na hii. Ni ya studio ya Paramount ya Marekani, nyeusi na nyeupe, mwongozaji Rouben Mamoulian, nyimbo za Richard Rodgers na Lorenz Hart. Sauti ilikuwa bado ngeni kwenye sinema, na Mamoulian anaichezea haswa.

Paris inaamka: sururu barabarani, ufagio, nyundo za washona viatu, mtu anakung'uta shuka dirishani. Mlio mmoja unapanda juu ya mwingine hadi mtaa mzima unakwenda kwa mdundo. Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena, macho nimefumba.

Maurice Chevalier ni fundi cherehani, na kuna bwana mkubwa kachukua suti halipi. Fundi anamfuata hadi kwenye kasri la jamaa za bwana huyo kudai chake, anatambulishwa kuwa baroni, na humo yumo binti wa kifalme, mjane, Jeanette MacDonald. Mengine utakisia. Ila kabla hawajaonana, wimbo "Isn't It Romantic?" umeshawafungia safari: fundi anauanzisha dukani, mteja anatoka nao, dereva wa teksi anaudaka, abiria wake mtunzi anauandika, wanajeshi wanaubeba kwenye treni, mpiga fidla wa kambini anausikia, mpaka unamfikia binti roshanini usiku. Sisi tuliokulia picha za Kihindi tumezoea wimbo kuruka toka bondeni hadi mlimani bila kuuliza nauli. Huu unapita mkono kwa mkono, tunaona.

Kasoro zipo. Chevalier anakonyeza mpaka unatamani apumzike, na sauti ya juu ya MacDonald si ya kila sikio. Halafu filamu ilikatwa ilipotolewa upya, baada ya Marekani kukaza udhibiti wa maadili mwaka 1934; kimojawapo cha vipande vilivyopotea ni cha mwigizaji Myrna Loy, mmoja wa wakazi wa kasri, akiimba amevaa gauni la kulalia. Inauma, maana Loy ndiye aliyenichekesha kuliko wote: amechoshwa na kasri zima, anachangamka akitajwa mwanamume tu.

Usikose windo la kulungu. Fundi anawasihi wawindaji waondoke taratibu, mnyama amelala. Nao wanaondoka kweli, farasi na mbwa, mwendo wa polepole kabisa. Nilicheka hadi nikakohoa.

Ni saa moja na nusu hivi. Tafuta nakala yenye maandishi chini ya picha. Utani mwingi umo kwenye vina.