Kihisio cha Umeme cha Kupima Antioksidanti: Kinamfaa Nani?

Watazamaji wapendwa, karibuni. Kilichopo mezani leo ni kifaa kidogo kinachopima antioksidanti za mimea kwenye chakula kwa njia ya umeme, pamoja na vijiti vyake vya kaboni vinavyofanana sana na vile vya kupimia sukari ya damu.

Itazameni ncha ya kijiti kwa karibu. Duara hili jeusi la katikati ndilo elektrodi inayofanya kazi, utepe unaolizunguka hukamilisha saketi, na doa hili la rangi ya fedha ni elektrodi rejea, ambayo volteji zote hupimwa kwa kulinganishwa nayo. Nadondosha chai ya kijani iliyochanganywa na bafa (myeyusho unaozuia pH, yaani kiwango cha asidi, isibadilike), kisha kifaa kinapandisha volteji hatua kwa hatua. Antioksidanti ni kemikali iliyo tayari kutoa elektroni, na katekini, yaani antioksidanti za chai, zinapozitoa, mkondo hupanda na kuchora kilima hiki mnachokiona kwenye skrini. Urefu wa kilima ndio unaotueleza wingi wake.

Kasi yake inafurahisha kweli. Lakini kuna jambo ambalo kijitabu cha maelekezo kimelipitia juu juu, nalo linaniudhi: polifenoli, yaani kundi la kemikali za mimea ambalo katekini zimo ndani yake, zikishapoteza elektroni huungana na kuwa utando unaong'ang'ania kaboni. Narudia kupima kwa kijiti kilekile, kwa tone jipya la chai ileile, na tazameni, kilima kimefupika waziwazi. Asiyejua atasema chai imepungua ubora, kumbe kilichochoka ni elektrodi. Kila tone lipewe kijiti chake, hata kama gharama inauma.

Bafa nayo si ya kupuuzwa, kwani kwa polifenoli nyingi pH ikipanda kwa 1 kilima husogea takriban milivolti 59 kuelekea volteji ya chini, na kemikali moja ikipimwa kwenye bafa mbili tofauti inaweza kuonekana kama mbili.

Zaidi ya hayo, vitamini C hutoa elektroni kwa wepesi uleule, na kwenye kaboni tupu kilima chake huweza kujificha ndani ya kile cha polifenoli. Kwa hiyo kifaa hiki hutoa jumla bila kutaja majina. Anayetaka kujua ni katekini ipi hasa bado atahitaji kromatografia, njia ya maabara ya kutenganisha kemikali moja moja. Wala nambari hiyo haisemi chakula kitafanya nini mwilini, ingawa maandishi ya kwenye boksi yanadokeza hivyo, na hapo sikubaliani nayo kabisa.

Mkaguzi wa ubora anayelinganisha shehena moja ya chai na nyingine, kwa bafa ileile na kijiti kipya kila mara, ningemshauri akinunue. Anayetaka kuchagua chakula cha afya jikoni kwake, ningemshauri asikinunue.