Miche, mbuzi na uzi: niliyoyanunua wikendi moja ya kaskazi

Mama watoto alipanda basi la Lamu Ijumaa asubuhi kwenda arusini kwa ndugu zake. Akaniachia nyumba, tafi wawili kwenye friji na onyo moja kuhusu sufuria yake ya wali. Mimi ni mstaafu wa bandarini. Miaka thelathini ya kuamka saa kumi alfajiri imenisahaulisha kulala hata nikipewa nafasi. Nikajipangia kazi tatu: roshani ipate majani, jiko liwake, na kofia ya viua, ile ya matundu ya kushonwa kwa mkono, niliyoianza tangu Ramadhani iliyopita ipate kumalizika. Mwezi ulikuwa wa pili, kaskazi imeshika, na hapa Tudor, Mombasa, ghorofa ya tatu upepo ukikatika mchana utadhani umekaa ndani ya tanuri ya mikate.

Tuanze na kitalu, maana ndicho watu wananiuliza. Hakina jina wala kibao. Kiko kando ya barabara ya kwenda Malindi, kabla hujafika Haller Park, ile hifadhi ya miti na wanyama, miche imepangwa mpaka ukingoni mwa lami na ile ya mbele imevaa vumbi la matatu. Nilivipita vitalu viwili vyenye maua ya kupendeza zaidi. Hapa nilisimama kwa kuwa tuktuk ilinishusha hapa, basi.

Nikamwambia kijana nataka mwasumini. Hakukimbilia kunipa.

"Mzee, utauweka wapi?"

Roshani.

"Inatazama wapi? Na maji, mnatumia ya mfereji au ya kisima?"

Hilo swali la maji ndilo lililonifanya nivute ndoo nikae. Sisi wa kisiwani mfereji ukikauka tunaoga na kufulia maji ya kisima, na maji hayo yana chumvi. Binadamu huzoea. Mwasumini hauzoei: ncha za majani zinaungua, zinakuwa rangi ya kahawia, halafu jani zima linaanguka. Mke wangu ameizika miasumini miwili kwa namna hiyohiyo, na mara zote mbili tulilaumu jicho la jirani wa chini. Nina deni la kumuomba jirani radhi.

Kijana akanipa masharti. Mwasumini upate maji matamu, hata kikombe kimoja jioni. Nikinunua mtungi wa mkokoteni, kikombe cha kwanza ni chake. Maji niliyooshea mchele yanafaa, bora yasiwe na chumvi. Mchaichai ni mvumilivu, huo nisiudekeze. Mrehani niukate ncha kila unapotaka kutoa maua, la sivyo unakuwa kijiti kitupu.

Kisha udongo. Mombasa yetu imekaa juu ya matumbawe, ukichimba kidogo jembe linalia. Wa kwake ulikuwa mweusi, mwepesi, ukiufumba kiganjani unashikana na ukiugusa unaachana. Anachanganya mchanga, samadi ya mbuzi iliyokaa muda, na majani ya mvinje yaliyooza. Nilicheka, kwa sababu rika langu tunakumbuka pale Haller Park palivyokuwa: shimo jeupe la kiwanda cha simenti, jua linapiga chini na kukurudia usoni. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alianza kupanda miti mle, na mvinje ulikuwa katika michache iliyokubali jiwe lile. Lakini majani yake yaliyodondoka yalikuwa magumu, hayaozi upesi. Wakaletwa jongoo, wale wakubwa wa miguu myekundu, wakayatafuna na kuyageuza udongo. Kijana aliniambia nikikuta jongoo ndani ya gunia nisimtupe. Nilimkuta mmoja. Yumo kwenye chungu cha mchaichai mpaka leo.

Bei: mwasumini 250, mrehani 100, mchaichai 100, mipilipili miwili 100, gunia dogo la udongo 300. Jumla 850, na sikupunguziwa hata shilingi. Nililalamika kidogo kwa ajili ya heshima ya Mombasa, akatabasamu, akaniandikia namba yake ya simu kwenye kipande cha katoni.

Kasoro ipo. Nilipofika nyumbani nikageuza jani la mpilipili mmoja nikakuta vidudu vyeupe chini yake, vimejipanga kama unga. Hilo alipaswa kuliona yeye kabla yangu. Nikampigia baada ya Maghribi, akapokea mlio wa pili. Hakubisha, hakusema "mzee labda umetoka navyo kwako". Akaniambia niponde majani ya mwarubaini, niyaloweke usiku kucha, nichuje, nitie sabuni kidogo na ninyunyizie jua likishatua, chini ya majani na si juu tu. Baada ya siku nne vidudu vimepungua sana, ingawa mpilipili wenyewe bado umenuna.

Mbuzi nao niliununua Marikiti, wa kukunia nazi, si wa kuchinja, kwa shilingi 800. Wa zamani ubao wake ulipasuka chini yangu, na sitaki mjadala kuhusu uzito wangu. Ushauri kwa anayenunua: ukalie palepale dukani. Usione haya. Mimi niliukalia katikati ya wapita njia, nikajipima magoti, nikapitisha ukucha kwenye meno ya chuma nikaona yanashika. Kitu nisichokagua ni skrubu. Nazi ya kwanza ilikwenda vizuri, ikatoka laini kama theluji ya kwenye friji. Nazi ya pili chuma kikaanza kucheza kulia na kushoto. Nilikikaza kwa skrudraiva na hakijarudia tena, lakini kitu cha 800 kingetoka dukani kimekazwa.

Wanangu wananiambia ninunue blenda. Tui la blenda nimelinywa. Wanachokisahau ni kwamba wanaitia nazi pamoja na ile ngozi ya kahawia iliyogandana na kifuu, na tui linatoka na uchungu fulani na rangi ya maji ya mfereji yaliyokatika siku tatu. Kwa mbuzi unasimama pale unapotaka. Mkono wako ukiona kahawia unahama.

Nilikuna nazi tatu. Tui zito nililichuja kwanza kwa kifumbu nikaliweka kando, jepesi likaenda kwenye wali, na zito nikaligawa: nusu ya kumalizia wali, nusu ya tafi. Tafi niliwapasua, nikawapaka thomu, tangawizi, pilipili na ndimu, wakakaa saa moja, kisha makaa. Tui lenye bizari na ukwaju lilichemka pembeni likawa zito, nikawa nawapaka na kuwageuza, napaka na kugeuza, mpaka ngozi ikaanza kushika rangi. Majani ya mrehani mpya sikuyatia. Yalikaa tu kwenye kikombe mezani, yananukia. Wali uliungua chini, ukoko wa unene wa kidole. Nitarudi kwenye sufuria.

Chicha iliyobaki nilijiona mwerevu, nikaimwaga juu ya udongo wa vyungu vyote iwe mbolea. Jumapili alfajiri roshani ilikuwa na barabara kuu ya sisimizi, wanaoenda na wanaorudi, wengine wanaingia kwa jirani yuleyule ninayetakiwa kumuomba radhi. Nikapiga simu tena. Kijana alicheka kabla sijamaliza. "Ami, chicha ni ya kuku." Nikaikwangua yote, nikamwaga maji ya moto sakafuni, mbali na mizizi kama alivyoniagiza.

Uzi sasa, na hapa nitakuwa mfupi kwa sababu hasira haijaniisha. Nilinunua madonge manne katika duka moja la katikati ya mji, 60 kila moja, nikaulizia mara mbili kama ni pamba, nikajibiwa mara mbili ni pamba. Kofia ya viua inataka uzi wa pamba. Kila tundu unalizungushia sindano tena na tena mpaka ukingo usimame, na uzi usiposhikana na kitambaa kiua hakifumbi wala hakifumbuki, kinalegea tu. Nilishona safu mbili Jumapili baada ya Adhuhuri. Kufika Alasiri, mafundo ya safu ya kwanza yalikuwa yameanza kufunguka yenyewe. Nikakata kipande nikakisogeza kwenye makaa. Pamba huungua kama karatasi, inanuka karatasi na kuacha jivu linalopukutika. Changu kilijikunja, kikayeyuka, kikaacha shanga nyeusi ngumu. Nailoni tupu.

Jumatatu nikaurudisha uzi pamoja na ile shanga ndani ya bahasha. Binti wa kaunta alinisikiliza kwa adabu. Mwenye duka hakuinua macho kwenye kikokotozi: mali ikishatoka mlangoni hairudi. Shilingi 240 si mali ya kuniua, na kufumua safu mbili za viua kumenichukua jioni mbili. Siku hizi nanunua uzi nikiwa na kiberiti mfukoni.

Kwenye kitalu nimesharudi. Nilichukua mwasumini wa pili na kumpelekea jirani wa chini, pamoja na maelezo ya maji. Aliniuliza kwa nini. Nikasema ni kwa sababu ya sisimizi.

Mama watoto alirudi Jumanne. Roshani hakuiona kwanza. Aliinusa sufuria kabla hajavua buibui.