Serpico au The Insider: uanze na ipi?

Al Pacino yumo katika filamu zote mbili, ila kwa nafasi tofauti kabisa. Katika Serpico (Sidney Lumet, 1973, dakika 130) ndiye mfichuaji mwenyewe: Frank Serpico, polisi wa New York aliyekataa mgao wa hongo. Katika The Insider (Michael Mann, 1999, dakika 157) ni Lowell Bergman, mtayarishaji wa vipindi vya televisheni. Anayefichua ni Jeffrey Wigand wa kampuni ya tumbaku, ameigizwa na Russell Crowe.

Serpico anaogopa wenzake, kwa kuwa askari asiyepokea haaminiki. Februari 1971 alipigwa risasi usoni katika msako wa dawa za kulevya Brooklyn, na filamu inaanzia hapo kisha inarudi nyuma. Wigand yeye anabanwa na karatasi: mkataba wa kutunza siri. Kituo cha CBS kilizuia mahojiano yake kwa kuhofia kushtakiwa. Yalirushwa Februari 1996. Anayetaka kuona ukweli unavyozimwa bila bastola aanze na The Insider, lakini asikilize kwa makini mawakili wanapoeleza mkataba, la sivyo nusu ya pili itampotea.

Serpico ni nyepesi kufuata, ingawa miaka inaruka bila tangazo. Angalia ndevu: zikirefuka, ujue muda umesonga. (Upigaji picha ulikwenda kinyume, Pacino akianza na ndevu ndefu na kuzipunguza.)