Shanga za kubalansi tairi: nani anunue, nani aziache dukani

Kwa Toyota Noah, IST na vifodi (daladala ndogo) vya Arusha: usinunue. Kwa pikipiki kubwa inayoshinda barabara kuu: zinafaa, tena vizuri. Kwa bodaboda ni hela ya kutupa. Semi tutaifikia, maana jibu lake si moja.

Bidhaa yenyewe ni punje za kioo au seramiki, ndogo kama ulezi, zinazomiminwa ndani ya tairi ili zisawazishe uzito wa gurudumu badala ya vile vipande vya risasi ambavyo fundi huvigonga kwenye ukingo wa rimu. Majina yanayojulikana zaidi ni Dyna Beads na Counteract. Pakiti kamili iwe na punje zilizopimwa kwa tairi moja, chupa yenye mrija wa kumiminia, na pini mpya ya vali yenye chujio. Pakiti isiyo na hiyo pini iache, sababu iko hapo chini.

Gurudumu limeshikwa na springi, kwa hiyo lina nafasi ya kucheza kidogo. Likizunguka polepole, upande mzito hutupwa nje, na punje, ambazo siku zote hukimbilia mahali palipo mbali zaidi na kitovu cha mzunguko, hujazana hukohuko kwenye uzito. Yaani zinaongeza kosa. Mwendo ukipita ule ambao gurudumu lenyewe hupenda kurukaruka, mambo yanageuka: gurudumu huanza kuzunguka kwa kufuata kitovu cha uzito wake, upande mwepesi ndio unaokuwa mbali, na punje zinahamia huko. Mashine za kufulia zenye pete ya gololi kwenye pipa hutumia hila hiyohiyo, na ndiyo sababu hutikisika kwanza kabla ya kutulia.

Sasa ipigie hesabu Noah. Tairi ya 195/65R15 ina mzingo wa karibu mita 2, kwa hiyo kwa kilomita 80 kwa saa inazunguka mara 11 kwa sekunde, na kwa 100 mara 14. Magurudumu ya gari dogo hupenda kurukaruka kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Umeona shida ilipo? Mwendo uleule ambao usukani unatetemeka ndio ambao punje bado hazijaamua ziende upande gani. Gramu 30 zilizopungua kwenye rimu ya inchi 15 zinavuta kwa nguvu ya kama kilo 4 na nusu kwenye 100, lakini kwenye 50 ni kilo 1 na kidogo tu. Na vibao vya 50 kwenye barabara ya Arusha–Moshi, kuanzia Tengeru hadi Boma Ng'ombe, mnavijua. Risasi za kawaida zinakaa palepale kwenye kila mwendo, na zinarekebisha pande zote mbili za rimu, ndani na nje. Punje hujikusanya katikati ya tairi, kwa hiyo tairi pana inayoyumba kushoto na kulia haziwezi kuituliza.

Kuna jambo dogo linalowapotosha wengi. Ukiipeleka tairi yenye punje kwenye mashine ya kubalansi, kila ukizungusha inatoa namba tofauti, kwa sababu shafti ya mashine imekazwa na karibu haichezi kabisa. Namba hizo hazithibitishi kwamba punje ni nzuri wala mbovu. Fundi akianza kuzifukuzia kwa risasi atabandika mpaka jioni.

Kabla ya kufikiria bidhaa yoyote, osha rimu kwa ndani. Hapa kwetu hiki ndicho chanzo cha mitetemo mingi baada ya mvua: udongo mweusi wa Monduli, au ule wa njia za mashambani Machame, unaganda upande mmoja wa rimu, unakauka, na unakuwa mzito kuliko risasi zote za fundi. Bomba la presha na brashi ndefu, dakika kumi. Ikiendelea kutetemeka, soma dalili. Usukani ukitetemeka, tazama magurudumu ya mbele. Kiti kikitetemeka, ya nyuma. Ikija ukikanyaga breki tu, diski imepinda. Ikiwepo hata kwenye 40, tairi haiko duara au nyaya za ndani zimekatika: inua kwa jeki, shikilia kijiti karibu na kashata (meno ya tairi yanayokanyaga barabara), zungusha gurudumu kwa mkono. Pengo likibadilika zaidi ya milimita 2, hakuna punje wala risasi itakayokusaidia. Boljointi, tairodi na beringi zilizolegea pia huchekelea ukizinunulia punje.

Kwenye pikipiki kubwa hesabu inapendeza. Tairi ya mbele ya 120/70 inchi 17 kwa kilomita 110 inazunguka mara 16 kwa sekunde, imeshavuka ule mwendo wa mashaka. Tena tairi yake ni nyembamba na ya mviringo, punje hukaa katikati, ndipo zinapotakiwa. Mbele weka gramu 28, nyuma gramu 57. Kwa kulinganisha, gari dogo ni kama 115, pikapu au Land Cruiser 170 hadi 230, na tairi ya semi ya inchi 22.5 ni 280 hadi 340. Kuzidisha hakuongezi utulivu, kunaongeza kelele.

Njia rahisi ni kuziweka wakati tairi mpya inavalishwa, kabla ya upande wa pili kuingia. Hapo ndipo mafundi huharibu: wamepaka maji ya sabuni mengi, ndani kumelowa, punje zinaganda kama uji. Futa kwa kitambaa kikavu, subiri pakauke, ndipo umimine chini kabisa ya tairi, mbali na ukingo. Punje moja ikikaa kati ya ukingo wa tairi na rimu, utakuwa na upepo unaovuja polepole na fundi atatafuta msumari usiokuwepo. Ukipitisha kwenye vali, toa pini, simamisha gurudumu vali ikiwa juu, unganisha mrija, na gongagonga chupa; punje hushuka zenyewe, usizisukume kwa waya. Kisha funga ile pini yenye chujio. Ya kawaida itanasa punje siku ya kwanza utakayopima upepo, na haitafunga tena. Hata ukiwa na chujio, pima vali ikiwa juu.

Upepo wenyewe ni adui mwingine. Kompresa nyingi za kando ya barabara hazijafunguliwa bomba la chini la tangi kwa wiki nzima, na maji yote yanaingia kwenye tairi yako. Mwambie fundi afungulie kwanza mpaka utoke upepo mkavu. Asipotaka, nenda kwa mwingine. Mitaa ya Arusha kama Mbauda na Unga Limited hawakosekani. Dawa ya pancha ya majimaji usichanganye kamwe na punje: zinashikana bonge moja, na sasa una kosa la balansi ulilolinunua mwenyewe. Mchanga au gololi za chuma, ambazo kuna watu wanazishauri kama mbadala wa bei nafuu, zinasaga raba ya ndani au zinaota kutu.

Bodaboda sasa. Rimu ya spoku, tairi yenye tyubu, mwendo wa 60: inazunguka mara 9 tu kwa sekunde, na pancha haziishi. Kila tyubu ikitolewa upepo, punje zinaziba vali. Kinachotikisa pikipiki hizo mara nyingi ni spoku zilizolegea. Kaza spoku, tundika gurudumu kwa ekseli yake juu ya stendi mbili, liache lisimame lenyewe. Upande mzito utashuka chini. Zungushia waya wa risasi kwenye spoku ya juu, ongeza kidogokidogo mpaka libaki popote unapoliachia. Kazi ya nusu saa.

Semi: kwa kilomita 80 za sheria tairi yake inazunguka mara 7 kwa sekunde, kwa hiyo fizikia haizipi punje alama nyingi. Faida yake kwa gari hilo ni urahisi. Gurudumu lenye rimu ya chuma hukaribia kilo 100, wakati mashine ya magari madogo hubeba kama 65 hadi 75, na risasi kubwa hudondoka kwenye matuta. Anayetaka kujaribu aanze na magurudumu mawili ya mbele tu, apime kina cha kashata katikati na kingo zote mbili siku ya kwanza, aandike, na apime tena baada ya kilomita 10,000. Zile pacha za nyuma asiziguse mpaka namba za mbele zionyeshe tofauti.